Gitaa Nililomchagulia Baba Mdogo

Baba Mdogo alikula kwa masikio yake. Kazi yake pale stesheni ya Nakuru ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ya Nairobi au ya Kisumu ikishasimama, alishuka kwenye kokoto na nyundo yenye mpini mrefu, akatembea behewa kwa behewa, akagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hukohoa. Akisikia kikohozi, behewa lilikatwa na kuachwa palepale, hata kama ndani yake kulikuwa na mzungu na mbwa wake. Kwa masikio hayo alipewa chumba katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwa masikio hayo alinisomesha mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, hadi nikajua Kiingereza cha kutosha kuandikwa karani wa vifurushi katika stesheni hiyohiyo.

Kitu kimoja tu kilimtisha. Mzee aliyefanya kazi hiyo kabla yake alirudishwa kwao kiziwi. Mlio wa nyundo na chuma, siku baada ya siku, ulikuwa umemla masikio, na alipopitisha gurudumu bovu mara moja, alinyang'anywa nyundo na chumba wiki hiyohiyo. Kwa hiyo kila asubuhi, tukinywa chai, Baba Mdogo aliniuliza kama nimeisikia treni inayotoka upande wa Gilgil. Nikisema bado, alicheka kama mtu aliyeokota noti njiani, kwa sababu yeye alikuwa ameshaisikia. Nilikuwa nikiona mchezo huo ni wa kitoto.

Nyumbani kwetu magharibi, chini ya Mlima Elgon, alisifika kwa kupiga litungu, kile chombo cha nyuzi saba kinachopakatwa mapajani. Alikuja nacho Nakuru akakitundika ukutani. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na vijana wa landi tulitaka gitaa. Kwa sababu ya kafyu dansi ilichezwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa wafanyakazi, jua likiwa bado kali, na aliyejua kupiga gitaa alipewa kiti mbele na soda ya bure. Mimi nilikuwa nikijifunza kwa gitaa la kuazima. Siku moja Baba Mdogo aliposhusha litungu na kuanza kuligusa, nilimwambia mbele ya wenzangu, "Baba, hiyo ni ya matanga. Hapa hakuna maiti." Walicheka. Yeye pia alicheka, kidogo, akalirudisha ukutani.

Miezi michache baadaye aliniambia amekusanya pesa za kununua gitaa, na kwamba mimi ndiye nitakayemsaidia kuchagua, kwa kuwa ninavijua vitu vya kisasa.

Sasa niseme ukweli wangu. Katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko, kati ya mablanketi na matairi ya baiskeli, kulikuwa na magitaa mawili yametundikwa. Moja lilikuwa la nyuzi sita, jepesi, la rangi ya asali, shingo yake imekaa mkononi vizuri. Hilo lilikuwa langu. Nilikuwa sijalilipia hata senti, lakini nilikuwa nikipita kulitazama kila mwisho wa mwezi, na nilimchukia kila mteja aliyeinua macho kulielekea. La pili lilikuwa kubwa, zito, jeusi, lenye nyuzi kumi na mbili. Ilisemekana Mwitaliano fulani aliyeletwa mateka wakati wa vita ndiye aliyemuuzia Mhindi kabla ya kurudi kwao. Hakuna mpigaji wa landi aliyelitaka. Nyuzi zake zilikwenda mbilimbili, kila mbili na sauti yao moja, na kuzibana zote kwa vidole ilikuwa kazi ya kukamua jiwe.

Tulikwenda Jumamosi mchana. Baba Mdogo alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mhindi, ambaye si mtu mbaya, akamshushia la nyuzi sita.

"Hii nzuri, mzee. Mwepesi. Kila mutu nachukua hii."

Baba Mdogo akalipokea, akagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga gurudumu, akainamisha kichwa. Niliona uso wake unalainika. Alikuwa amelipenda.

"Baba," nikasema, "hilo ni la watoto."

"La watoto?"

"Nyuzi sita tu. Litungu lako liko na saba. Utatoka saba urudi sita?"

Akafikiri. Nilijua jinsi ya kumshika. Kwa mpigaji wa litungu kila uzi ni mtu mwenye sauti yake, na kupunguza nyuzi ni kama kufukuza watu nyumbani. Akanyoosha kidole kuelekea lile jeusi.

"Na ile? Iko na ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Alisema kama anayetajiwa idadi ya ng'ombe. Mhindi akalishusha shingo upande, hana haraka. Baba Mdogo akaliweka mapajani, si kifuani, akazipitia nyuzi kwa ukucha.

"Lakini hizi zinatembea mbilimbili. Kwa nini?"

Mhindi alifungua mdomo kumweleza. Mimi nikamuwahi.

"Ni mtindo wa Ulaya tu, Baba. Kila uzi ni wa peke yake. Wewe utazipa sauti kumi na mbili."

Mhindi alinitazama. Alijua. Nami nilimtazama, na sote wawili tukajua kwamba lile jeusi lilikuwa limeota vumbi pale kwa muda mrefu na lilikuwa na bei kubwa zaidi. Akafunga mdomo, akachukua kitambaa, akaanza kulifuta. Baba Mdogo alilipa kila alichokuwa nacho. Njiani kurudi alinishika bega, akaniambia, "Kama si wewe ningenunua ile ya watoto." Nilicheka hadi nikajifanya nakohoa. Mwezi uliofuata nilijinunulia la nyuzi sita.

Wenzangu wote niliwahadithia. Tulisubiri kwa hamu mzee avunje vidole. Siku za kwanza tulisikia kelele chumbani, kama mtu anayeburuta masanduku, na tukacheka hadi machozi. Halafu kukawa kimya siku kadhaa. Nilimkuta akichonga mfupa wa ng'ombe kwa msumeno mdogo wa chuma. Aliutia mianya kumi na mbili iliyolingana, akauweka pale juu ya shingo badala ya ule wa zamani, na mwingine huku chini, ili nyuzi zisikae tena mbilimbili bali kila moja ijitenge na jirani yake. Kisha akaanza kuzipa sauti, moja moja, akiziimbia kwa sauti ya chini na kuzikaza mpaka zikamwitikia. Ilimchukua wiki mbili. Alinifundisha na mimi mpangilio huo wote, uzi kwa uzi, kwa kuwa alisema mtu mmoja asibebe kitu kama hicho peke yake.

Na likalia. Siwezi kusema uongo katika hilo pia. Alilipakata kama litungu, mikono yote miwili juu ya nyuzi, hakuna kubana chochote, na sauti iliyotoka hatukuwahi kuisikia katika gitaa la mtu yeyote. Jioni akina mama wa landi walileta vigoda vyao na mboga za kuchambua hadi mlangoni kwake. Makondakta walisimama na sare zao. Wale wenzangu waliokuwa wakicheka nao walikuja, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita. Nami nilikaa upande wa pili wa uwanja na gitaa langu la rangi ya asali, nikipiga nyimbo za kisasa, na ng'ombe angenisikiliza zaidi. Niliona wivu. Wivu wenyewe, ule unaokausha mate. Gitaa nililomtupia kama mfupa lilikuwa limemfanya mkubwa kuliko mimi.

Ndipo akaalikwa ukumbini, Jumapili, kiti cha mbele.

Kwetu mpigaji hakazi nyuzi mbele za watu. Ni sawa na kufunga suruali mbele ya wakwe. Chombo hutengenezwa nyumbani, kijana wa nyumba hukibeba nyuma ya mzee, mzee huingia mikono mitupu, huamkia watu, huketi, ndipo hukabidhiwa na kuanza papo hapo. Baba Mdogo alifuata desturi hiyo hata katika ukumbi wa serikali. Kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba. Alipokuwa akiwashika mikono wazee mlangoni, nilizunguka nyuma ya tangi la maji nikageuza funguo nne za kukazia nyuzi. Kidogo tu. Kiasi ambacho mcheza dansi hawezi kukitambua, lakini ambacho yeye kingemchoma kama mwiba kwenye jicho.

Alianza. Akasita. Akaanza tena, akakunja uso, akanyamaza. Watu walikuwa bado wanatabasamu. Akaniinamia na kuninong'oneza, "Mwanangu, hizi nyuzi zimeshuka?"

Nilipitisha ukucha juu ya zote, polepole, nikajifanya nasikiliza.

"Ziko sawa, Baba."

"Ya tatu? Ya saba?"

"Sawasawa kabisa. Wewe unasikiaje?"

Sitasahau alivyonitazama. Hakuwa na shaka na mimi hata chembe. Masikio yangu aliyafunza mwenyewe. Alijaribu mara ya tatu, jasho likamtoka. Mtu nyuma akapaza sauti, "Mzee amelewa!" na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, kwa sababu kila mtu alijua hagusi pombe. Kisha wakaniita mimi. Gitaa langu nilikuwa nimelileta kwa bahati, kama nilivyowaambia. Nilipiga hadi kafyu ilipokaribia, nikanywa soda tatu, na nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Tulipokuwa tunaondoka nilizunguka tena nyuma ya tangi, nikazirudisha funguo zote nne mahali pake. Niliogopa asije akagundua. Hapo ndipo nilipomwua, na sikujua. Alipofika nyumbani aliketi kitandani, akalipakata gitaa, akalipitia uzi kwa uzi, na kila uzi ukamwitikia ulivyopaswa.

"Sasa nasikia sawa," akasema. Uso wake ulikuwa umeingia rangi ya majivu. "Kumbe yanaenda na kurudi."

"Nini, Baba?"

"Masikio."

Akachukua kijiko, akaanza kugonga sufuria, birika, mguu wa kitanda, anainamisha kichwa, anagonga tena. Ningeweza kusema pale. Nilijiambia nitamwambia kesho, akishapoa na asinipige.

Kesho yake hakuniuliza habari ya treni ya Gilgil. Alivaa koti la kanisani juu ya nguo za kazi, akaniomba nifuatane naye kwa yule mzungu msimamizi wa yadi, nimtafsirie, kwa kuwa jambo lilikuwa kubwa na Kiswahili cha bwana yule kilikuwa cha kuamrisha tu. Nilienda. Njia nzima nilijua anachokwenda kusema. Kama mtu angepitisha gurudumu lenye ufa, behewa lingeanguka kule kwenye mteremko wa Mau na watu ndani, na Baba Mdogo hakuwa mtu wa kulala na jambo kama hilo.

Msimamizi alimpeleka nje, akamgongesha magurudumu matatu. Yote akayajibu sawa.

"Wewe nasikia mzuri!" akasema mzungu. "Shida gani?"

"Leo nasikia, Bwana. Jana sikusikia. Kesho sijui."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mzungu akavuta kiko chake, akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, maana alimheshimu yule mzee na hakutaka kumpoteza. Aliniuliza kama mimi, ninayeishi naye chumba kimoja, nimewahi kuona dalili zozote. Alisema nikimwambia hakuna, atachukulia ni uchovu, ampe wiki mbili za kupumzika, mambo yaishe.

Baba Mdogo alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili, ananitazama mdomo. Hakuelewa hata neno. Niliogopa kwamba ningesema hakuna, mzungu angeuliza hata hivyo basi jana ilikuwaje, na wale wa ukumbini wangeulizwa, na mwisho lingefika kwangu na kwa zile funguo nne. Kazi yangu ilikuwa na mwaka mmoja tu.

Nikasema ndiyo. Nikasema ni muda sasa.

Mzungu akapumua, akanyoosha mkono kuipokea nyundo. Tulipotoka yadini Baba Mdogo aliniuliza yule bwana alikuwa akisema nini na mimi nimemjibu nini. Nikamwambia nilikuwa namwombea asifukuzwe, lakini amekataa.

Akanishukuru.