Sufuria Haitembei Tupu

Damalie ndiye mfanyabiashara pekee ninayemjua anayegombana na wateja kwa kuwapenda. Duka lake la vyombo na langu la mashuka yako kwenye kibaraza kimoja, Busia upande wa Uganda. Mimi navuka kutoka upande wa Kenya kila asubuhi, na mara nyingi kabla sijafungua hata bunda moja nishamsikia akibishana na mtu aliyekuja na nia njema ya kununua.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja wa Lumino, Okochi, mwanamume mzima mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitaka jerikeni ya lita ishirini ampelekee mama yake.

"Mama yako iko na miaka ngapi?" Damalie akamuuliza.

"Sabini na mbili."

"Maji nachota wapi?"

"Kisimani, kule chini."

"Nani namusaidia kubeba?"

Okochi akakohoa.

"Sasa mwalimu, wewe nataka kumupa mama zawadi ama nataka kumupa mzigo?" Akamnyang'anya ile jerikeni, akamtolea mbili za lita tano zenye mishikio mipana. "Moja huku, moja huku. Hapo mama natembea kama mutu."

Ndivyo alivyo. Ukimwambia unatafuta zawadi ya arusi, hakuonyeshi kitu kwanza. Anakuuliza maswali matatu: katika nyumba hiyo nani huamka wa kwanza, maji hutoka wapi, na nani hula wa mwisho. Kwa hilo la mwisho amewauzia watu mabakuli mengi ya kuhifadhi chakula kikiwa moto, kwa sababu, anasema, kila nyumba ina mtu mmoja anayekula ugali baridi na hakuna anayemwona. Mimi mwenyewe nilijibu swali hilo mwaka wangu wa kwanza pale. Nikagundua ni mimi. Nikanunua bakuli.

Tena chombo hakitoki dukani kwake kikiwa kitupu. Sufuria ataitia konzi ya maharagwe, thamosi ataitia majani ya chai kwenye karatasi, beseni hata kipande cha sabuni. Nilidhani ni ujanja wa biashara. Nilikuwa namtania kwamba atafilisika kwa maharagwe.

Halafu Jumanne moja akaja Barbara.

Barbara ni binti wa Proscovia, dada mkubwa wa Damalie, anayeishi Buhehe. Msichana mrefu, mpole, mwenye meno ya mama yake mdogo. Alikuja kumwalika. Jumamosi ya wiki iliyofuata angeagwa nyumbani kwao, kisha aende kuolewa Kiyeyi kwa kina Obbo.

"Mama mdogo, mimi nataka wewe iko pale," akasema.

"Mama yako najua umekuja?"

Barbara akatazama vifuniko vya sufuria. "Hajui."

Alipoondoka, Damalie aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza katika miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta. Yeye na dada yake walikuwa hawajasemezana miaka sita. Sababu ilikuwa sufuria.

Mama yao alipofariki aliacha sufuria moja kubwa, nzito, nyeusi tii kwa masizi ya kuni. Ilibaki kwa Proscovia kama kifungua mimba. Mwaka uleule Damalie akaugua, akalala majuma matatu. Dada yake akamletea sufuria hiyo imejaa unga wa wimbi, na juu yake samaki mkavu amefungwa kwa jani. Damalie akapona kwa uji wa unga huo. Alipopata nguvu, akataka kuirudisha kwa heshima. Akakaa nayo siku mbili, kwa mchanga na waya, akaisugua mpaka ikang'aa kama zile anazouza. Akaipeleka Buhehe, akaiweka mlangoni kwa dada yake, akiwa amejaa fahari.

Ilikuwa tupu.

Huku kwetu, pande zote mbili za mpaka, hata mtoto anajua kwamba chombo cha mtu kilichokuja kimejaa hakirudi hivi hivi. Tia hata ndizi mbili. Tia chumvi. Proscovia aliichungulia ndani, akaitazama nje, akasema, "Umekula wimbi yangu, sawa. Hata masizi ya mama umetoa?" Akaingia ndani akafunga mlango.

"Nilikuwa nafikiria usafi tu, Nanjala," Damalie akaniambia. "Macho ya duka. Naona chombo, nafikiria kung'aa." Akajifuta pua kwa kanga. Nilimhurumia mpaka nikakosa la kumtania, na mimi si mtu wa kukosa.

Siku zile alikuwa kichekesho na msiba kwa pamoja. Huyu mama aliyewachagulia zawadi nusu ya mabibi arusi wa Busia hakuweza kuchagua moja. Alishusha thamosi, akairudisha juu. Akashusha seti ya sufuria saba zinazoingiliana, akasema hizo ni za kuonyesha watu. Akaja kwangu akapapasa mablanketi yote kama daktari, akaondoka bila kitu. Kumbe mganga hajigangi.

"Damalie," nikamwambia Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, kwa maana uvumilivu wangu ni mfupi, "jiulize yale maswali yako. Kwa dada yako nani huamka wa kwanza?"

"Yeye. Tangu zamani."

"Maji hutoka wapi?"

"Nasikia walichimba kisima ya pampu. Sijui iko wapi."

"Nani hula wa mwisho?"

Hapo machozi yakamtoka waziwazi, mchana, mbele ya wateja. Hakujua. Miaka sita. Alijua majiko ya watu wa Malaba na Tororo ambao hajawahi kukanyaga kwao, na jiko la dada yake mwenyewe hakulijua tena. Na hofu yake ilikuwa wazi: akienda Jumamosi na zawadi yoyote, Proscovia anaweza kuikataa mbele ya wakwe, na hapo undugu utakuwa umekwisha kabisa, tena siku ya furaha ya mtoto.

"Basi usingoje Jumamosi," nikasema. "Nenda kesho, kabla ya wageni. Akikufukuza, akufukuze mbele yangu tu."

"Niende na nini?"

Jibu alilipata mwenyewe asubuhi yake, tulipokuwa tunapanda pikipiki. Nilimwona hana mfuko wala kikapu. Nikamkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi.

"Najua," akasema. "Panda."

Tulimkuta Proscovia uani akipepeta wimbi. Ni Damalie yuleyule, ila mwembamba na mkali zaidi. Hakusimama. Alimtazama mdogo wake usoni, kisha mikononi, akaitazama mikono hiyo muda mrefu.

"Umekuja tena bila kitu."

"Ndiyo, dada." Damalie akapiga magoti palepale kwenye makapi. "Nimekuja kuazima sufuria ya mama."

Ungo ukasimama. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili kama ngao. Nilielewa wakati huohuo na Proscovia: ukiazima chombo, lazima ukirudishe. Damalie hakuwa ameleta zawadi. Alikuwa anaomba nafasi ya kurudi mara ya pili.

Proscovia akaingia jikoni. Tukasikia vitu vinasogezwa. Alitoka na sufuria, na mimi nilishangaa kwa sababu nilitarajia kitu cheusi. Ilikuwa inang'aa. Miaka sita katika nyumba inayopikia kuni, na haikuwa na alama ya moshi hata moja.

"Sikuipikia," Proscovia akasema. "Niliifunga kwa gunia. Nilikuwa nangoja wewe uje unijazie. Wewe umechelewa, Damalie. Umechelewa sana."

"Nisamehe, dada."

"Chukua. Urudi nayo Jumamosi mapema."

Hakutukaribisha chai. Lakini tulipokuwa tunaondoka alituita kwa nyuma, akatuonyesha kwa kidole: "Kisima iko pale, nyuma ya migomba. Kama nakuja kupika hapa, usilete maji."

Jumamosi Damalie alifika Buhehe kabla jua halijapanda. Hakuwa na zawadi ya kung'aa yoyote. Alikuwa na sufuria ile, samaki mkavu, karanga za kusaga, na kuni zake mwenyewe, na alipikia pale uani yalipokuwa mafiga ya mama yao. Zawadi nyingine zilipoanza kupelekwa mbele, yeye aliibeba sufuria kichwani, imejaa, moto, mchuzi ukimtiririkia begani, akapita katikati ya wakwe wote wa Kiyeyi hadi kwa dada yake. Proscovia akafunua kifuniko. Akachungulia ndani. Akaizungusha, akaitazama nje, ule weusi mpya uliokuwa umeanza kushika chini, akaupitishia kidole. Kisha akampaka mdogo wake masizi hayo shavuni, wageni wote wanatazama, akamkumbatia. Barbara alilia mpaka poda yake ikaharibika. Mimi pia, na sikuwa hata ndugu.

Barbara alipata zawadi yake pia, msidhani alisahaulika. Bakuli moja la kuhifadhi chakula kikiwa moto, na ndani yake karanga.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa napanga mashuka meupe, yale mazuri, Proscovia alipotokea kwenye kibaraza chetu. Alikuwa na sufuria kichwani, imejaa viazi vitamu hadi pomoni. Akatafuta pa kuitua, akaona pangu, akaitua juu ya shuka langu jeupe. Duara jeusi likabaki pale kama muhuri. Nilivuta pumzi nimpe maneno, nikayameza.

Damalie alimimina viazi kwenye beseni haraka, kwa furaha, akizungumza bila kupumua. Halafu mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukaenda rafuni na kurudi na waya wa kusugulia.

Proscovia akamkamata kifundo cha mkono.

"Damalie. Acha."

Damalie akautazama ule waya kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Akaurudisha rafuni. Kisha akachota konzi mbili za maharagwe, akayatia ndani ya sufuria ile nyeusi, akaifunika, na kumrudishia dada yake.