Kikapu cha Dirishani

Baba alipofariki, mama aliingia eda katika chumba cha ghorofani chenye dirisha linalotazama kichochoro, na wiki hiyohiyo mimi nikapandishwa cheo. Waliokuja kunipa pole walinipa na hongera palepale mlangoni, nami nikawa naitikia ahsante bila kujua naitikia lipi.

Cheo chenyewe kilikuwa cha kusimamia huduma za mji: taka, masoko, mifereji ya maji, vyoo vya watu wote. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa Mzungu, na aliyebaki juu yangu alikuwa Mzungu pia. Baraza la mji lilitaka mabadiliko, na mabadiliko yalitaka mtu wa kutukanwa kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule, na mpaka leo sijaona vingine.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilitolewa skuli kwenda kusaidia baraza la mji kwa muda, na ule muda ukawa haufiki mwisho. Mke wangu alikuwa Makunduchi, kwao, alikokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na skuli ya huko ilikuwa inatafuta mwalimu mkuu. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mama naye alizaliwa Makunduchi, akaletwa mjini kuolewa na baba. Tulikuwa tumeshapanga: eda ikimalizika tufunge nyumba, tupande gari la abiria la shamba sote wawili, tukaishi na mtoto.

Kilichokuwa kimebaki ni ruhusa. Bila saini ya mkubwa wangu nisingehamishwa, na kama ningeacha kazi kwa hasira, skuli nayo isingenichukua tena, maana serikali ni moja. Mkubwa aliniahidi. "Ukimaliza mpango huu wa taka, nitakuachilia," aliniambia kwa Kiswahili chake safi cha kitabuni. "Ninataka mji ubadilike, halafu wewe utakwenda zako."

Basi nikauvalia njuga ule mpango, kwa kuwa ndio uliokuwa mlango wangu wa kutokea.

Zamani kila mfagiaji alikuwa na mitaa yake. Wetu alikuwa mzee mmoja wa Jang'ombe, ambaye wazee wake walitoka bara, na alianza kufagia vichochoro vyetu kabla mimi sijazaliwa. Akifika chini ya madirisha huita kwa sauti yake ya kukwaruza, "Wa juu! Nipo chini!" Kisha hugeuka akauelekea ukuta. Wanawake wa ghorofani, ambao wengi hawatoki mchana, hufungua dirisha na kuteremsha kikapu cha taka kwa kamba. Yeye hungoja akisikie kimegusa ardhi, akakimwaga kwenye gari lake la mkono bila kuinua uso, akatikisa kamba, kikapandishwa. Ilikuwa ndiyo heshima yake kwao, na miaka yote hiyo hakuna mume aliyewahi kumnung'unikia.

Tangu mama aingie eda, mzee aliongeza neno. Akishamwaga husema, "Bi mkubwa, Mungu akuzidishie subira." Mama hamjibu kwa sauti, kwa sababu ya eda. Hugonga ubao wa dirisha mara mbili, na mzee akajua amesikika.

Mkubwa wangu hakuyapenda mambo hayo hata kidogo. Aliona wafagiaji wamekuwa watumishi wa majumba badala ya watumishi wa baraza, wanatumwa mkate, wanatumwa salamu, wanajua nani kaposwa na nani kaachwa. Akataka vikundi: vijana wenye nguvu, nguo za kaki, lori linalosimama barabara pana, na kila wiki kundi lihamie mitaa mingine ili mtu asizoeane na mtaa. Wazee wakapelekwa njia ya Bububu, nje ya mji, kufyeka majani. Na kwa kuwa vijana hawakuwa na sauti inayojulikana, wakapewa firimbi. Firimbi zenyewe zilitoka stoo ya polisi.

Mimi mtoto wa mji, niliyekulia kwenye vichochoro hivyohivyo, nikaziona firimbi zile mezani na sikufikiri lolote. Fikra zangu zilikuwa Makunduchi.

Asubuhi ya kwanza kundi liliingia mtaani kwetu, na kiongozi wao akapuliza firimbi kwa nguvu zake zote. Mjini kwetu firimbi ni askari, na askari akipuliza maana yake kuna mwizi anakimbia. Wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa kwenye baraza za nyumba wakainuka na bakora. Wakaona vijana wageni wamebeba vikapu vitupu, wakamaliza hesabu wenyewe. "Mwizi! Mwizi huyo!" Wale vijana nao, walipoona bakora, wakakimbia, jambo lililothibitisha kila kitu. Mmoja alikamatwa pwani maji yakiwa magotini, na kaki yake mpya imechanika mgongoni.

Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu mkubwa alinambia mpango haujakamilika, na nilijua maana yake kwangu.

Firimbi zikarudishwa stoo, lakini madirisha yakabaki yamefungwa. Vijana waliita, waligonga milango, na hakuna kikapu kilichoteremka. Taka zikajaa ngazini na uani, nzi wakapata sikukuu. Nikirudi nyumbani nilikuta majirani wamekaa barazani wakiningoja. "Bwana Taka, karibu," walinambia. "Leo umetuletea mabadiliko gani?" Nikipita haraka, wananicheka. Nikisimama kueleza, wananicheka zaidi.

Juu nako hakukuwa na pumziko.

"Maganda yanaoza jikoni, mwanangu," mama alinambia. "Mie nshachoka na harufu."

"Si uteremshe kikapu tu, mama? Vijana wanapita kila siku."

"Nimteremshie nani? Jana nimefungua kidogo tu, nimemkuta mtu kaniinulia uso ananitazama. Mie nimo edani!"

"Hajui, mama. Mgeni."

"Na yule mzee wetu yuko wapi?"

"Njia ya Bububu. Anafyeka majani."

Mama alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeingia na viatu msikitini. "Nani kampeleka?"

Nilichukua pakacha la taka nikateremka nalo mwenyewe, na kanzu yangu ya kazini, mpaka kwenye lori. Nilifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi baraza zima lilinyamaza nilipokuwa nakaribia, kisha likapasuka kwa kicheko nikishapita. Nilikuwa na hasira na wao, na mkubwa, na marehemu baba kwa kufa wakati ule, Mungu anisamehe. Nikiingia ofisini dirisha langu lilikuwa linatazama ukuta wa ghala. Barua za mke wangu zilikuwa zinasema mtoto ameanza kucheka na watu. Nilijiona nimebanwa kila upande.

Mwishowe niliingia kwa mkubwa na kumwambia lililo dhahiri: madirisha yanafunguka kwa sauti, si kwa amri. Nikamwomba awarudishe wazee, kila mmoja kwenye mitaa yake, si kwa kufagia wala kusukuma gari, bali watangulie mbele ya kundi waite, wawafundishe vijana kuuelekea ukuta, na wamwage vikapu wao wenyewe. Makundi yaendelee kuhama kila wiki kama alivyotaka. Mzee asihame.

Mkubwa alizungushazungusha kalamu yake. "Kwa hiyo mpango wangu utabaki?"

"Utabaki, bwana."

"Vema sana," alisema.

Mzee wetu alirudi Jumatatu. Nilimkuta mwanzo wa kichochoro, kofia ya kaki imemwingia mpaka masikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Hii kofia lazima?"

"Lazima."

"Haya," alisema, akaingia mtaani. "Wa juu! Nipo chini!" Dirisha moja likafunguka, kisha la pili, kisha nikasikia kamba zinakwaruza kuta kila upande. Vijana wa kundi walisimama msitari mmoja nyuso ukutani, kama watoto waliotiwa adabu. Nikasikia ubao wa dirisha letu unagongwa mara mbili. Nilifurahi, sifichi, na siku ile niliandika kuomba ruhusa ya kwenda Makunduchi.

Mkubwa aliniita mwenyewe, akanipa kiti, akaagiza chai. Nilipoona chai niliogopa.

"Umefanya kazi kubwa," alisema. "Hakuna anayeujua mji huu kama wewe. Sasa tunaanza masoko. Halafu mifereji."

"Na ruhusa yangu, bwana?"

"Skuli ile imeshapata mwalimu. Nimewaambia mimi kwamba hatuwezi kukutoa." Alitabasamu kwa moyo mweupe kabisa. Alidhani amenipa zawadi. "Kama ungeshindwa, ningekuachia leo."

Chai niliinywa yote, maana sikujua mikono yangu niitie wapi.

Eda ya mama ilimalizika Alkhamisi ile. Aliogeshwa, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi, nyumba ikajaa wanawake na asumini. Walipoondoka nilikwenda kukaa naye. Mizigo yetu miwili ilikuwa imeshafungwa mlangoni, wake na wangu. Nikamweleza.

Aliutazama mzigo wake mlangoni. "Na mimi nisubiri?"

"Usisubiri, mama. Nenda kamwone mjukuu wako."

"Nawe utakuja lini?"

"Wakiniruhusu."

"Mie eda yangu Mungu kaiwekea mwisho, nikawa najua siku," alisema. "Wewe yako kakuwekea nani?"

Ijumaa asubuhi nilimpandisha gari la shamba. Alikaa mbele, buibui lake jipya likinukia, uso umegeukia njia, na kabla gari halijatoka alikuwa ameshaanza kuzungumza Kimakunduchi na bibi mmoja wa pembeni yake. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Mzigo wangu niliubeba nikarudi nao nyumbani.

Ijumaa hiyo hapakuwa na zamu ya taka, kwa hiyo mzee alikuwa hajapata habari kuwa mama ameondoka. Jumamosi nilikuwa ghorofani, nimekaa chumbani mwa mama, nimeshavaa tayari kwenda kazini lakini siinuki. Nikasikia kutoka chini, "Wa juu! Nipo chini!" Kikapu kilikuwa pembeni, kina machicha ya nazi na asumini zilizonyauka. Nilikifunga kamba nikafungua dirisha.

Mzee alikuwa amesimama na kofia yake, uso ukutani, na vijana nyuma yake vilevile. Hakuna aliyeinua macho. Nikakiteremsha polepole, mpaka kikagusa ardhi. Akageuka ameinamisha kichwa, akakimwaga, akatikisa kamba.

"Bi mkubwa," alisema, "Mungu akuzidishie subira."

Nilitaka kumwambia kuwa ni mimi. Nikagonga ubao wa dirisha mara mbili, nikavuta kamba.