Hapana ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alivunjika uti wa mgongo kwenye barabara ya Mang'ola, akiwa ameketi juu ya magunia ya vitunguu katika lori lililokuwa likipanda kuja Karatu. Lori lilipinduka, magunia yakamfunika, na alipotolewa hakuweza kusogeza wala kusikia chochote kuanzia chini ya matiti. Sitaeleza mengi kuhusu siku zile. Alirudi nyumbani Daa katika kiti cha magurudumu. Mama na mimi tukajifunza kumgeuza kitandani usiku na mchana ili asipate vidonda, naye akajifunza kutukemea kila tulipochelewa. Ukali ule ulinipa matumaini kuliko dawa zote tulizopewa.

Baadaye aliingizwa katika utafiti uliokuwa ukiendeshwa hospitalini. Madaktari walitaka kujua kama mazoezi ya mfululizo yanaweza kuamsha nyuzi za uti wa mgongo zilizonusurika katika jeraha. Hatua ya kwanza ilikuwa mazoezi peke yake. Katika hatua ya pili mgonjwa angesimamishwa kwenye fremu huku umeme mdogo ukipitishwa juu ya ngozi ya mgongo wake. Hatua hiyo iliwahusu wale tu ambao miguu yao ilikuwa imeanza kurudiwa na hisia, hata kidogo, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Mdogo wangu aliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka hewa. Alifanya mazoezi mpaka mikono ikamtetemeka hata akashindwa kushika kikombe.

Watu wa kwetu tuna adabu moja ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha tiba: mtu aliyejisumbua kwa ajili yako humrudishi na jibu baya. Ukiulizwa kama chai ni tamu, ni tamu, hata kama sukari imesahaulika. Daktari akiuliza hali, jibu ni kwamba unaendelea vizuri, hata kama umebebwa kuletwa kwake. Sebuleni adabu hii ni pambo. Katika utafiti ni sumu, kwa sababu daktari atapima upole wa wagonjwa akidhani anapima mishipa yao ya fahamu.

Asubuhi ya kipimo, mama alimfunga mdogo wangu kitambaa kichwani, akamwinamia sikioni, lakini kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia.

"Mwanangu, wakikuuliza, sema nasikia. Mungu atamalizia."

"Mama, usimfundishe uongo," nilisema.

"Nyamaza wewe. Una vitabu na una miguu."

Nilishika kiti cha mdogo wangu, tukaondoka kwenda hospitalini.

Daktari alikuwa binti mzaliwa wa Mbulu, mpole wa sauti na mgumu wa utaratibu. Mama aliingia na mgonjwa; mimi nilibaki nje ya pazia, pamoja na mzee mmoja mfugaji kutoka Arash aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kipimo hicho hicho, katika kiti cha magurudumu kama cha mdogo wangu. Nilisikia kila kitu; yale ya kuonwa mama alinisimulia baadaye. Daktari alimfunika macho, akamgusa shavuni kwa pamba.

"Kusikia ni hivi, dada. Kila nitakapokuuliza, niambie nasikia au hapana. Basi."

Alianza shingoni, akashuka. Nasikia. Nasikia. Penye mbavu, ambapo zamani hapakuwa na kitu, nasikia. Kisha mdogo wangu akauliza yeye:

"Hapo ni kitovu? Nasikia. Kama kupitia blanketi."

"Asante Yesu!" mama alisema.

"Mama, tafadhali. Na hapa, dada?"

"Hapana."

Lilikuwa paja. Kisha goti. Hapana. Mama akaanza kukohoa, kikohozi kile kile alichotumia tulipokuwa watoto na kusahau kuwaamkia wageni.

"Mama, hata ukikohoa mpaka kesho, hapo sisikii."

Mzee wa Arash alicheka. Mimi sikuweza.

"Kidole gumba je? Usiharakishe, dada."

"Daktari, natamani sana nikudanganye," alisema mdogo wangu. "Hapana."

Nimefundisha vijana maadili kwa muda mrefu, na nimesoma wengi walioandika juu ya ukweli wakiwa wameketi vizuri. Huyu alitamka ukweli huku ukimnyang'anya kitu alichokitaka kuliko vyote, wakati neno moja la adabu lingetosha kumpatia. Pale nje ya pazia nilisimama wima, kama mtu anavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa.

Daktari alimweleza bila kumpaka mafuta: hisia zilizoshuka kutoka mbavuni hadi kitovuni ni maendeleo ya kweli, na yangeandikwa, lakini hatua ya pili hawezi kuingia. Mdogo wangu alitoka akisukuma magurudumu yake mwenyewe, macho mekundu. Nilipogusa kiti akanipiga mkono.

Zamu ya mzee ilifika. Pazia halikufungwa vizuri, na tukamwona daktari akiinua pamba hewani kumjaribu, mbali kabisa na mguu.

"Na hapa, babu?"

"Nasikia, daktari. Vizuri sana."

"Babu!" mdogo wangu alipaza sauti. "Hata hujaguswa!"

"Dada, nyamaza!" daktari alisema.

Mzee aliinua kitambaa machoni, amefadhaika. "Binti wa watu ananihangaikia tangu asubuhi. Nimwambie hapana?"

"Mwambie. Mimi nimemwambia mara nyingi, na hajakasirika."

Daktari alipumua, akamfunika tena, akaanza upya. Mzee alitoa hapana yake ya kwanza kwa aibu, ya pili kwa sauti iliyokaza, ya tatu kama mtu aliyezoea. Daktari alifika kwenye kidole gumba.

"Ha— ngoja. Rudia hapo."

Alirudia. Akainua pamba hewani, akauliza, akajibiwa hapana. Akagusa tena.

"Hapo kuna kitu," alisema mzee. "Kidogo, kama nzi. Lakini kipo."

Safari hii aliaminika. Mdogo wangu alielewa kabla yetu sote nafasi ile imekwenda kwa nani. Alifuta uso kwa kile kitambaa cha kichwani, akajiinua kiwiliwili bila kuegemea popote, akaanza kupiga makofi.