Mstari wa Saba

Watu hudhani kazi ngumu ya karani ni maneno. Maneno ni rahisi, jamani. Kilichonitoa jasho mimi ni mistari mitupu, ile inayoachwa chini ya swali ili mtu aandike jibu kwa mkono wake.

Nilikuwa karani wa shule moja karibu na Sironga, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mtihani ulipigwa taipureta juu ya stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Herufi inakata nta, wino unapenya pale palipokatwa, na mashine ya kuzungusha kwa mkono inatoa nakala. Sasa jaribu kupiga mstari mrefu kwa taipureta uone. Nta inakatika moja kwa moja, kipande kizima kinabaki kinaning'inia. Ukitumia nukta, kila nukta inatoboa tundu, na tundu linatoa doa. Siku ya kwanza niliharibu stensili mbili. Mwalimu mkuu alizitandaza zote mbili mezani, akazikagua moja moja, na afadhali angenigombeza.

Mwishowe nilipata njia yangu: kalamu iliyokwisha wino, rula ya mbao, na mkono mwepesi. Shida ni kwamba rula ilikuwa fupi kuliko upana wa karatasi, na ikifika mwisho mkono wangu ulipanda juu kidogo. Hilo halikuwa jipya. Hata shambani mistari yangu ya maharagwe ilipinda mwishoni, na tangu utotoni mama alinisuta kwamba napanda kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Mama mwenyewe wakati huo alikuwa ameingia kisomo cha watu wazima. Walisomea ndani ya kanisa letu la Kisabato, Jumapili alasiri, maana siku hiyo lilikuwa tupu. Alikuwa na sababu moja tu. Baba alifanya kazi katika mashamba ya chai Kericho, na barua zake zilisomwa na mzee wa kanisa, kwa sauti, nyumbani kwetu, siku ambayo majirani wote walikumbuka ghafla kuja kuomba chumvi. Kwa kulijua hilo, baba aliandika habari za ng'ombe na mvua, basi. Mama alitaka barua yake peke yake, ya kusoma mwenyewe na kujibu mwenyewe.

Ukifaulu mtihani wa kisomo, uliingia darasa la kuandika barua. Ukianguka mara mbili, ulirudishwa benchi la a, e, i, o, u pamoja na wanaoanza. Na mama yangu, ninavyomjua, asingekaa benchi lile. Angeacha kabisa.

Mwalimu wa kisomo aliazima mashine yetu, kwa hiyo mtihani wa kwanza niliuchapa mimi. Aliniambia nisimwambie mtu, nami sikumwambia hata mama. Karatasi zilikuwa haba, nikabana mistari ili maswali yote yaingie ukurasa mmoja. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mama akaanguka. Mwalimu alinionyesha karatasi yake. Herufi zilikuwa kubwa, zimesongamana, na zote zimeketi juu ya mstari. Hakuna hata moja iliyoteremsha mkia. J, g na y zilikuwa vibutu, huwezi kujua ipi ni ipi. Kwetu shamba ni dogo na mpaka ni mpaka. Ukipitisha jembe upande wa pili, wajukuu wako watarithi ugomvi. Mama alikuwa ameona mistari yangu akajua ni mipaka. Mwalimu alimweleza kwamba kwenye karatasi mkia una ruhusa ya kushuka. Mama alimjibu kwamba amesikia, ila mkono ndio unakataa.

Jioni ile hakula. Alisema kichwa chake ni cha jiwe, heri arudi shambani kuchuma chai yake. Nami nimekaa pale pale, nanyamaza, mimi niliyembania nafasi. Naona haya mpaka leo nikikumbuka.

Mtihani wa pili ulipokuja, niliapa kwamba hata karatasi zikiisha na ziishe. Nikaiachanisha mistari, nafasi kubwa kati ya mmoja na mwingine. Swali la mwisho lilimtaka kila mtu aandike majina ya watoto wake, kila mtoto mstari wake. Mwalimu alikuwa ametaka mistari minane. Kwa upana wangu ikaenea sita. Sisi kwetu tulikuwa sita, mimi kifungua mimba, nikasema sita inatosha. Wenye watoto zaidi wataandika wawili wawili. Ndiyo, nilipendelea. Nani asiyempendelea mama yake?

Siku mbili baada ya mtihani mwalimu alikuja ofisini na karatasi ya mama. Imeandikwa vizuri, nikaanza kutabasamu. Akanionyesha swali la mwisho. Juu ya mistari yangu sita, mama alikuwa amechora wa saba kwa penseli, na juu yake ameandika jina la nyanya yangu, mama yake baba, aliyefariki zamani.

Mwalimu alisema huyo ni mama mkwe, si mtoto, hilo ni kosa, na akilikata mama ameanguka kwa alama moja. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alinipa mpaka kesho yake nikamuulize.

Nilimkuta mama nyuma ya jiko, anachambua chinsaga, mboga yetu chungu. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Nilimuuliza kwa nini aharibu kazi nzima kwa kumwingiza nyanya katika watoto. Aliendelea kuchambua.

Kisha akanieleza, polepole, macho kwenye majani. Kabla yangu alikuja msichana. Alikaa miezi miwili. Yeye ndiye aliyepewa jina la nyanya, kama desturi yetu ilivyo, mtoto kubeba jina la aliyetangulia. Utoto wangu wote nilikuwa nikiuliza kwa nini mimi, binti wa kwanza, sikupewa jina hilo, na kila mara nikaambiwa nikachote maji. Mama hakulitamka tangu walipomzika. Hata siku ile hakulitamka. Alikuwa ameliandika tu.

Nililia. Nikamwambia anisamehe, mistari ile niliichora mimi, nami ndiye niliyemhesabia sita.

"Najua," alisema. "Hata ile ya kwanza nilijua ni yako. Inapinda mwishoni."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, siku ile aliyolala njaa. Akasema kwamba aliniona ninavyoteseka, ikamtosha.

"Ingekuwa mistari ya mtu mwingine," akaongeza, "nisingethubutu kuweka wangu."

Asubuhi nilimweleza mwalimu. Alichukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya sahihi mbele ya jina la penseli, kisha mbele ya mengine sita, na mama akaingia darasa la barua.

Kabla mwalimu hajaichukua karatasi niliiomba niitazame tena. Kote kwingine mikia ya mama ilishuka kwa woga, kidogo tu, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu. Lakini katika jina la dada yangu kulikuwa na y, na mkia wake ulikuwa umevuka mstari wa penseli, ukateremka mpaka chini, ukagusa jina langu.