Chakula cha Msiba, Maiti Hakuna

Ardis Tollefson hakuwahi kupita nyumba yenye pazia lililofungwa asijiulize ndani kuna nini. Msimwite mbeya, mbeya husimulia, yeye alitaka kujua tu, basi. Na mwaka ule wa 1969, katika mji wao mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani, yalikuwapo mengi ya kutaka kujua.

Vita vya Vietnam vilikuwa vimeshawagawa watu. Kijana akirudi ndani ya jeneza, wanawake wa kanisa walipeleka mabakuli ya nyama ya kusaga na viazi, ya moto, hadi meza ya wafiwa ikakosa nafasi. Lakini Curtis, mwana wa Lavonne Brekke, alipoitwa jeshini alivuka mpaka akaingia Kanada. Kwa Lavonne hakwenda mtu. Loo, hata mchungaji alibadili njia!

Ardis naye alikuwa na lake moyoni. Mwanawe Gordy angetimiza miaka kumi na minane, umri wa kuandikishwa jeshini, mwezi wa tisa, na baba yake, Harlan, aliyepigana Korea, alikwisha kukata shauri: mtoto akiitwa, ataenda. Kila Ardis alipomtazama kijana akila, alihesabu miezi iliyobaki.

Jumamosi akapika.

"Nani amekufa?" Harlan akauliza.

"Hajafa mtu. Hiki cha Lavonne."

"Mama wa yule mwoga? Umerogwa, mwanamke?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Majirani watasema!"

"Si wana midomo? Waache waseme."

Akavuka barabara mchana kweupe, majirani wakichungulia madirishani. Lavonne akafungua mlango, akaliangalia bakuli, akacheka kwa uchungu.

"Umepotea nyumba, Ardis. Hapa hatuna msiba."

"Nipishe niingie, mwenzangu, mikono inaungua."

Wakakaa jikoni. Lavonne alikula kama mtu aliyesahau kula, huku akisimulia: Curtis amepata kazi ya kupasua mbao, analalamika baridi, akirudi atafungwa. Akaangua kilio. Ardis akamshika mkono. Alimwonea huruma na, Mungu amsamehe, alimwonea wivu pia.

"Mji mzima, ni wewe tu uliyenikumbuka," Lavonne akasema akijifuta machozi. "Una utu, Ardis."

Uso ukamwiva Ardis kwa haya. Akatazama mlango, akasogeza kiti karibu.

"Usinisifu, Lavonne. Nimekuja kuuliza. Curtis alivukia wapi? Gordy wangu hajui njia."