Nguzo Fupi ya Kushoto

Ukame ulipotumaliza huku chini karibu na Voi, ndugu zetu wa milimani Wundanyi walituchangia lori moja la nyasi. Namshukuru Mungu kwa ajili yao hadi leo. Lakini nyasi hazikutosha mifugo yote, basi kamati ya kanisa ikamwomba mjukuu wangu, msichana aliyekuwa kidato cha tatu, achore hali ya kila boma. Nikatembea naye nyumba kwa nyumba.

Kwetu mtu hataji idadi ya wanyama wake walio hai. Ukiwahesabu umewaitia kifo. Mjukuu wangu alipoona nyuso zinafungwa, akaanza kuuliza kuhusu waliokufa. Hapo watu walisema.

"Andika kumi na wawili," jirani mmoja alimwambia. "Na mimi uniandike, nimebaki mifupa tu."

Mama mjane wa bondeni alijibu, "Watatu."

"Na waliobaki, bibi?"

"Hao namwachia Mungu."

Nilimwona huyo aliyebaki. Mbuzi mmoja jike, amefungwa kando ya jiko. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mtoto wa marehemu binti yake, ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Nyumbani, mjukuu wangu aliyagawa maboma kwa makundi: waliopoteza mbuzi sifuri hadi wanne, watano hadi tisa, kumi hadi kumi na wanne, na kuendelea. Kila boma alilichorea kijiti, na cha tano akakilaza juu ya vinne. Kisha, nyuma ya kalenda ya zamani, akasimamisha nguzo zilizogusana, urefu wa kila moja ukiwa idadi ya maboma. Akatia nukta katikati ya kila kilele, akaziunganisha kwa rula, na mstari ukashuka hadi chini pande zote mbili. Ulifanana na mlima wa Sagalla. Nilijivunia mkono wake.

Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti aliitundika ile karatasi ukutani.

"Tuanzie nguzo ya waliopoteza kumi kwenda kulia. Hao ndio walioumia."

Nikasimama. Nikasema mjane amepoteza watatu, lakini hana zizi la kujivunia.

"Mzee, karatasi haisemi hivyo. Mama, wewe mwenyewe tuambie, umebakiwa na wangapi?"

Kanisa lote likamgeukia. Alikuwa amempakata mtoto. Neno moja tu lingempa mzigo wa nyasi. Akainama.

"Mungu anajua."

Nyasi zikaenda kulia. Mimi mwenyewe zizi langu lilikuwa tupu, sikupewa kitu cha kumgawia. Nilimpelekea maganda ya mahindi na maombi.

Wiki haikuisha. Alikuja kwetu asubuhi, kamba tupu ya mbuzi mkononi, mtoto akilia mgongoni.

"Sasa naweza kuhesabu," alisema. "Andika wanne."

Mjukuu wangu akaifungua karatasi, akashika ufutio. Kisha akauweka chini.

"Babu, watatu na wanne ni kundi moja. Hakuna cha kubadilisha."

Mjane akasogea. "Nionyeshe nilipo."

Msichana akaweka kidole kwenye nguzo ya kwanza kushoto. Mama yule aliitazama, akimbembeleza mtoto.

"Ni fupi," akasema.