Makufuli Mawili kwenye Mnyororo Mmoja

Mlango wa kanisa ulifungwa kwa mnyororo wenye makufuli mawili, na Mama Cherehani alikuwa na ufunguo mmoja tu. Wa pili ulikuwa wa Fundi Saa, na Fundi Saa alifariki ghafla Jumatatu. Leo Jumamosi alikuwa aletwe kanisani kuagwa, saa nne kamili, na mlango ulikuwa haujafunguliwa.

"Mama, tukate tu," alisema mwenyekiti wa baraza, kijana wa juzi juzi, msumeno wa chuma mkononi. "Watu watatukuta tumesimama nje!"

"Thubutu." Mama Cherehani akajikalisha kwenye ngazi, mgongo mlangoni. "Nimempigia mwanawe simu. Ataleta ufunguo."

Mwenyekiti aliguna. Mtaa mzima ulijua kwamba huyo mwana, fundi wa magari, aligombana na babake miaka tisa iliyopita na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Mama Cherehani naye alijua. Ndiyo maana alikuwa akitupa jicho barabarani kila mara.

Vijana wa leo wanadhani makufuli yale yaliwekwa kwa ajili ya wezi. Wezi gani? Mle ndani hamna cha kuiba zaidi ya ngoma iliyopasuka. Yaliwekwa na waumini wenyewe, watu wazima na akili zao, miaka thelathini na moja iliyopita, kanisa lilipogawanyika kwa sababu ya saa ya ibada. Mama Cherehani aliongoza kundi la saa moja asubuhi. Fundi Saa aliongoza kundi la saa tatu, na si ajabu, maana mtu huyo alitengeneza saa za mji mzima lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati.

Jumamosi moja Mama Cherehani alitia kufuli lake ili kundi la saa tatu likose pa kuingilia. Fundi Saa akapita jioni, akaliona, akapandwa na hasira, akauzungusha mnyororo mara ya pili na kutia la kwake. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Jumapili yake mvua ikinyesha, wa saa moja walifungua kufuli lao na mnyororo haukutikisika. Kwa ubishi wakalifunga tena; wa saa tatu wakaja, wakafungua la kwao, nao wakaambulia patupu. Mchungaji, aliyekuwa akihudumia makanisa manne kwa baiskeli, alifika amelowa chapachapa. Akayatazama makufuli, akawatazama wale wawili, akaketi kwenye ngazi, akavua soksi na kuzikamua.

"Mkimaliza mniite," alisema.

Wakafungua pamoja, kila mmoja akitazama upande wake. Ibada ikaanza siku hiyo hiyo, saa nne na ushei. Na kuanzia Jumapili iliyofuata ikawa saa mbili, hadi leo. Makufuli mchungaji alikataza yasiondolewe.

Hivyo kila Jumamosi, saa kumi jioni, ilibidi wale wawili wakutane kusafisha kanisa. Mama Cherehani alifagia, Fundi Saa alifuta mabenchi kwa kitambaa cha njano, akianza na la nyuma kabisa, na wote wawili walibishana. "Unanirushia vumbi!" "Ungewahi, ungefuta kabla sijafagia!" Jamani, zilikuwa jioni nzuri zile. Mama Cherehani alipofiwa na mumewe alijifungia ndani, hataki kuona mtu. Jumamosi Fundi Saa alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, mimi siwezi kufungua peke yangu."

Mama Cherehani akavaa viatu akatoka.

Sasa gari lilisimama, mwana wa marehemu akashuka na kopo lililojaa funguo.

"Shangazi, sijui ni upi. Chukua zote. Mimi nitasubiri hapa nje."

Mama Cherehani alichakura mara moja tu akautoa, maana uzi mwekundu uliofungwa pale aliufunga mwenyewe.

"Afadhali," mwenyekiti alishusha pumzi. "Basi, Mama, kuanzia leo shika zote mbili, yaishe."

Mama Cherehani alifungua kufuli lake, kisha akamnyooshea mwana wa marehemu ule wenye uzi.

"Nimesema nitasubiri nje, Shangazi."

"Mwanangu, mimi siwezi kufungua peke yangu."

Jamaa akaupokea ufunguo, akainama, na kufuli likagoma kidogo kabla ya kuachia. Mnyororo ukaanguka. Aliingia polepole, akasimama mbele ya msumari ambapo kitambaa cha njano kilikuwa kimetundikwa tangu Jumamosi iliyopita. Akakitungua. Akaenda kwenye benchi la nyuma kabisa, akaanza kufuta.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alilia huku ameshika ufagio, akifagia.

"Jumamosi ijayo, saa kumi," alisema bila kugeuka. "Na usichelewe kama baba yako."